Anavuta mguu

Wiki mbili zilizopita nilikaa jukwaa la mzunguko pale uwanja wa Mkwakwani, Tanga, shabiki kama shabiki, maana timu yangu haikuwa na mechi na nimechoka kuangalia mpira nikiwa nimeshika chupa za maji na barafu. Kipindi cha pili beki wa kulia akaenda mpira wa hamsini kwa hamsini, ule ambao yeyote anaweza kuuwahi, na winga wa wageni, hatua ya mwisho akavuta mguu. Winga akapita. Wala halikuwa bao, krosi ilidakwa na kipa kilaini tu, lakini uwanja ulichemka hasa. "Mtoeni huyo anaogopa kuchafua bukta!" Jamaa nyuma yangu akasema mshahara wake bora apewe muuza maji, yule angalau anapanda na kushuka dakika zote 90.

Kesho yake kijiweni Ngamiani, sijakaa hata vizuri, kikombe cha kwanza bado kinanichoma vidole, babu mmoja tunayemheshimu sana pale kijiweni akaniwahi. "Mgosi, we si ndo unawanyoosha hawa vijana? Mbona unatuletea mabibi harusi?"

Nimejaribu kumjibu pale pale, tukaishia 1988. Kwa Wagosi wa Kaya, yaani sisi watu wa Coastal Union ya hapa Tanga, mjadala wowote wa timu lazima uishie 1988, mwaka tuliochukua ubingwa wa nchi, na ukitoka hapo ni ile fainali ya kombe la shirikisho la TFF ya 2022 kule Arusha, tatu tatu na Yanga, mshambuliaji wetu Sopu kapiga zetu zote tatu halafu tukafungwa kwa penati. "Wale walikuwa wanaume," babu akasema, na hapo mjadala ukafungwa. Sasa nayaandika hapa yale niliyoshindwa kumalizia. Mi ni kocha wa viungo, yaani wa mazoezi ya mwili, timu za madaraja ya chini hapa hapa Tanga, mwaka wa 11 sasa, na magoti ya vijana nayajua kuliko majina yao ya ukoo.

Kwanza, kutoka mzunguko unaona vitu vya aina moja tu. Unaona mtu aliyeteleza na vumbi, aliyekimbia kumfata refa, aliyepiga kifua. Kuna watafiti wa Israel walichapisha utafiti 2007, waliangalia penati 286, wakakuta makipa wanaruka kushoto au kulia karibu mara 94 katika kila 100, wakati mipira kama 29 katika kila 100 inapigwa katikati kabisa, yaani pale pale alipokuwa amesimama kipa mwenyewe. Sasa kwa nini asibaki? Kwa sababu akibaki akafungwa mtasema kalala, akiruka akafungwa mtasema maskini kajitahidi. Kipa sio mjinga, anajua jukwaa linalipa nini. Na wachezaji wa ndani ni hivo hivo, kuna kijana mmoja nilimfundisha zamani (simtaji, ana watoto sasa) kila dakika ya 80 na kitu lazima ateleze kwenye mstari kufata mpira ambao ushatoka nje, uwanja mzima unasimama kumpigia makofi, na mimi kwenye benchi najua huyu ndo aliyesahau kurudi kwenye bao la kwanza.

Kukimbia nako ni hivo hivo. Kiungo kwenye mechi anatembea na kukimbia kilomita kama 10 hadi 12, ila sehemu kubwa ya hizo ni kutembea na kukimbia taratibu, zile mbio za kufa mtu ni kidogo sana. Ukimkuta mtu anatimka muda wote mara nyingi alisimama pabaya tangu mwanzo, sasa analipa deni. Na hili jua letu la Februari na unyevu wa baharini, jasho linatoka lakini halikauki mwilini, mwili haupoi, mtu akitimka hovyo dakika 20 za kwanza ataomba poo mapema na nyie wenyewe mtamwita mvivu.

Haya, turudi kwenye ule mguu uliovutwa, maana hapo ndo nina ugomvi na kijiwe.

Beki mmoja wa timu yangu, sio yule wa Mkwakwani lakini kesi ni ile ile, alikata ile kano ya katikati ya goti la kushoto, ACL. Watu wanadhani kano ile inakatwa na mtu aliyekuingilia vibaya, hapana, nyingi zinakatika bila hata kuguswa, mtu anageuka, anafunga breki, anatua kutoka kuruka kichwa, paa. Akapasuliwa Dar, akarudi kwangu. Kitaalamu usimrudishe kabla ya miezi 9, kila mwezi unaosubiri mpaka kufika huo wa 9 unapunguza hatari ya kuumia tena kwa karibu nusu, lakini nani wa kumsubirisha kijana ambaye huo muda wote hana posho na chumba kinadai kodi?

Sisi bahati nzuri tulisubiri. Nikampima kwa futi ya fundi cherehani, aruke kwa mguu mmoja mara tatu mfululizo, mguu mzima ukaenda mita 5 na sentimita 40, ule wa kushoto mita 4 na sentimita 95. Hiyo ni asilimia 91 na kitu, tunataka angalau 90. Kwa karatasi, kapona. Nikamwekea mpira katikati na mwenzake, mpira wa hamsini kwa hamsini, taratibu tu. Nikasimama karibu kabisa, kama hatua mbili. Mpira uko upande wake wa kushoto, ye anazungusha kiuno ili aende na kulia, na kabla hajagusa mpira anafumba macho. Nikarudia mara ya pili, ya tatu, ya nne, anafumba. Nikamuuliza akaniambia "hapana kocha, niko fiti", na alikuwa hadanganyi, hajui kama anafumba.

Hiyo ndo mnayoita uoga. Mwili umejifunza kitu na haujaulizwa. Watafiti waliokusanya tafiti nyingi za hizi oparesheni, 2014, walikuta ni kama watu 55 tu kati ya 100 wanaorudi kwenye mashindano, ingawa wengi wa waliopasuliwa goti lenyewe likipimwa halina shida kubwa. Na ubaya wake ni kwamba kuingia nusu nusu ni hatari zaidi kuliko kuingia kweli. Ukiingia umekunja goti, uzito uko mbele, misuli imekaza, mwili wote unabeba. Ukivuta mguu uzito unabaki nyuma, mguu unaning'inia umenyooka, goti peke yake ndo linapokea mgeni. Kwa hiyo ukimpigia kelele "ingia wewe!" na ye akaingia bado anafumba macho, umenitafutia kazi ya miezi 9 mingine.

Tulichofanya ni kazi ya kuchosha, gunia la mchanga kule ufukweni Raskazone, analipiga na mguu wa kushoto mara mia, halafu mwenzake anamjia kwa kutembea, halafu anakuja taratibu, halafu kasi yote. Wiki sita mpaka akaacha kufumba.

Ila sisemi waoga hawapo, wapo, na kijiwe kinawaacha wanapita huku kinawashughulikia majeruhi. Mwoga wa kweli ni yule anayejificha nyuma ya mtu. Mtazame kiungo wakati beki wake ana mpira na anabanwa, mwenye roho anasogea hatua tatu atokee, anageuza shingo kuona nyuma yake kuna nani, anaonyesha mguu, nipe. Mwoga anabaki nyuma ya mgongo wa mpinzani ambapo pasi haiwezi kufika, halafu ananyoosha mkono kulaumu kwa nini hajapewa. Kutoka mzunguko huyo anaonekana msafi, hajapoteza mpira hata mmoja! Wala msijitoe, hao mnawatengeneza nyie wenyewe. Anapoteza mpira mmoja, uwanja unamzomea, pasi tano zinazofata zote nyuma, baada ya hapo anahamia huko nyuma ya mgongo wa watu na harudi tena.

Basi nikampa babu mtihani. Mechi ya juzi nikakaa naye, nikamwambia acha mpira, mtazame kiungo namba 6 peke yake, kila akiomba mpira akiwa amebanwa hamisha karanga moja kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Mpaka mapumziko kahamisha 14, na karanga alizokula hazihesabiki humo. Kapewa mara 5 tu. Babu kanyamaza, anatafuna. "Kumbe hawampi," akasema.

Kipindi cha pili dakika ya 60 hivi, beki wa kulia akavuta mguu, babu kasimama karanga zote zikamwagika chini ya viatu vya watu, "Bibi harusi wewe!" Nikamwangalia. Akaniangalia. "Huyu sikuambiwa nimhesabu," akasema, akainama kuokota.