Nani amnunulie mchungaji vitabu? Dhana zinazotugharimu Unguja na Pemba

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, mzee mmoja wa kanisa alinivuta pembeni. Alikuwa amesikia kwamba nimeomba usharika wao utenge fedha za vitabu vya mchungaji. "Mwalimu," akaniambia kwa upole, "mambo ya vitabu si yetu. Waandikieni wafadhili, wenzetu huko wana vitabu tele." Nikamjibu, "Nimekusikia, mzee," maana mtu wa umri wake habishiwi mbele za watu. Lakini maneno hayo nimeyasikia mjini, nimeyasikia mashamba, nimeyasikia Chake Chake na Wete, na kila nikiyasikia namkumbuka mchungaji ambaye Jumapili ijayo atapanda mimbarani akitegemea daftari lake la chuo la miaka kumi iliyopita. Nimenyamaza vya kutosha.

"Vitabu vya mchungaji ni kazi ya wafadhili."

Hii ndiyo inayoniumiza kuliko zote, kwa sababu anayeisema huwa anadhani anauokolea usharika fedha.

Nimewahi kupokea shehena ya msaada. Maboksi tisa yalifika bandari ya Malindi kutoka kwa marafiki wa ng'ambo wenye nia njema kabisa. Vitabu vilikuwa vya bure, lakini wakala wa forodha alitaka chake, gari la mizigo likataka chake, na siku ambazo mzigo ulilala bandarini tukisubiri karatasi nazo zililipiwa. Tulipofungua tulikuta nakala kumi na nne za kitabu kimoja cha kuendesha kambi za vijana msimu wa theluji, masomo ya Jumapili ya mwaka uliokwisha pita, na ufafanuzi wa Warumi, juzuu ya pili bila ya kwanza. Vyote kwa Kiingereza. Mchungaji wetu wa Pemba alisoma theolojia kwa Kiswahili, anahubiri kwa Kiswahili, anabatiza na kuzika kwa Kiswahili. Vilivyomfaa havikujaza hata boksi moja. Siwalaumu waliotuma: walitoa walichokuwa nacho, nasi hatukuwahi kuwaambia tunachohitaji, kwa sababu hatukuwahi kukaa tukakiorodhesha.

Vitabu vya Kiswahili vipo. Central Tanganyika Press wapo Dodoma, Ndanda Mission Press wapo kusini, Chama cha Biblia cha Tanzania kipo. Kinachokosekana ni mstari mmoja katika bajeti. Nimesoma bajeti za sharika nyingi: spika zimo, mafuta ya jenereta yamo, sare za kwaya zimo. Vitabu havimo hata kwa shilingi moja.

Fanyeni hesabu. Chukua usharika mdogo wenye watu wazima 60, kila mmoja atoe shilingi 500 kwa mwezi. Mwaka ukiisha mna 360,000. Toa 60,000 ya usafirishaji na nailoni za kufunikia majalada. Zinabaki 300,000, na kwa kitabu cha shilingi 20,000 hivyo ni vitabu 15. Kwa miaka mitatu ni 45, na mchungaji mwenye vitabu 45 alivyovichagua mwenyewe ana maktaba ya kazi.

Hapo ndipo huja pingamizi la pili, ambalo kwa kweli ni dhana ileile imevaa kanzu nyingine: "Tukinunua, akihamishwa ataondoka navyo." Ataondoka navyo kama mmemnunulia yeye. Nunueni vya usharika. Majirani zetu Waislamu wanalijua jambo hili vizuri kutushinda: msahafu ukiwekwa wakfu msikitini hauuzwi wala haurithiwi, na imamu akibadilika unabaki palepale. Kanisa nalo lililijua zamani. Padri Thomas Bray wa Uingereza aliona kwamba waliokubali kwenda kuhudumu katika makoloni ya Amerika walikuwa mapadri maskini wasio na uwezo wa kununua vitabu, akaanza kuchangisha fedha za maktaba zao. Mwaka 1698 yeye na wenzake wakaanzisha SPCK, chama cha kueneza elimu ya Kikristo. Mwaka 1708 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya maktaba za parokia: padri akifariki, maktaba ifungwe kwa kufuli mpaka mwingine afike, na huyo akishaingia aandike orodha mpya ya vitabu.

Miaka mia tatu baadaye sisi bado tunauliza vitabu vitakuwa vya nani. Nunueni muhuri wa "Mali ya Usharika", upigwe ukurasa wa kwanza na ukurasa wa katikati pia, maana ukurasa wa kwanza huchanika. Wekeni daftari. Siku ya makabidhiano wazee wawili wasimame na orodha mkononi wahesabu vitabu kama wanavyohesabu viti.

Mkiniuliza muanze na kipi, nitawaambia itifaki ya Biblia, yaani kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na aya yanamopatikana, kabla ya kitabu chochote cha mahubiri. Kitabu cha mahubiri kinampa mchungaji mahubiri ya mtu mwingine, na waumini wanasikia. Itifaki inamrudisha kwenye andiko lenyewe. Halafu kamusi ya Biblia, halafu historia ya Kanisa. Juu ya mpangilio huu nimebishana na watu wengi na sijabadilika.

"Aliyeitwa na Mungu, Biblia inamtosha."

Basi mtume Paulo hakuitwa. Akiwa kifungoni, akijua siku zake zimekaribia mwisho, alimwomba Timotheo amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, pamoja na vitabu, hasa vile vya ngozi. Yamo katika 2 Timotheo 4:13.

Na Biblia yenyewe ilitufikiaje kwa Kiswahili? Wamisionari wa Kianglikana, Askofu Tozer na Edward Steere aliyetafsiri Agano Jipya, walifika Unguja mwaka 1864, na haukupita muda wakawa wanachapa vitabu hapahapa, vijana waliokombolewa utumwani wakifundishwa kupanga herufi. John Swedi, mmoja wa wavulana wa mwanzo kabisa waliokabidhiwa kwa misheni, akawa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, aliyesoma Kiungani, chuo cha misheni hiyo hapa Unguja, akawa padri mwaka 1890. Hao walisomeshwa, na wito wao haukupungua kwa kusoma.

Kwa mchungaji wa huku haja ni kubwa zaidi. Anaishi kati ya watu wanaosomeshwa dini tangu utotoni. Jirani yake barazani, kwa nia safi, atamuuliza: "Mchungaji, mnaposema Mwana wa Mungu mnakusudia nini?" Hilo ni swali la heshima na linastahili jibu la heshima. Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulikutana mwaka 325 kwa ajili ya jambo hilohilo. Mchungaji asiyejua walichosema pale atabaki na njia mbili, kunyamaza au kukasirika, na zote mbili zinaharibu ujirani.

"Ana simu, kila kitu kimo humo bure."

Biblia imo, ndiyo, na nawahimiza waipakue. Lakini vitabu vingi vya kuifafanua vinavyopatikana bure kihalali ni vile ambavyo hakimiliki yake imekwisha, yaani Kiingereza cha karne ya 19. Tena tunaoishi hapa tunakumbuka Desemba 2009, Unguja ilipoingia gizani kwa takriban miezi mitatu. Kitabu kilisomeka mchana kutwa.

"Kutoa fotokopi ya kitabu kizima kwa kazi ya Mungu si kosa."

Ni kosa. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki tangu mwaka 2003, na haikuweka mlango wa nyuma kwa watumishi. Mwandishi wa Kiswahili akinyimwa chake katika toleo la kwanza, toleo la pili halichapwi.

"Vitabu havidumu huku, unyevu na mchwa vitavimaliza."

Vinadumu vikitunzwa. Rafu isigusane na ukuta, iachwe nafasi ya kupenya mkono. Miguu ya kabati iwekwe juu ya vipande vya tofali ili njia ya mchwa ionekane mapema. Msivifungie kwenye sanduku la bati, humo koga hushika haraka. Masika ikiingia Machi, mtu mmoja apewe ufunguo na kila jua likichomoza aache milango ya kabati wazi mpaka adhuhuri. Kule Pemba kazi hiyo anaifanya mama mmoja wa usharika ambaye hajui kusoma, na hajapoteza kitabu hata kimoja.