Kompyuta Nzito Si Lazima Ipigwe Windows

Kompyuta ikianza kusumbua, iwe nyumbani au afisini, ushauri wa kwanza aghalabu huwa ni kuipeleka ikapigwe Windows, yaani diski ifutwe na Windows iwekwe upya. Mara nyingi dawa hiyo huwa kali kuliko ugonjwa. Nyaraka zilizokuwa Desktop zinafutika, programu ya hesabu iliyolipiwa inapotea pamoja na namba yake ya usajili, na baada ya wiki chache mashine inarudi kule kule kwa sababu kilichoiumiza hakikuguswa. Hapa Unguja na Pemba visababishi vikubwa vinajulikana: umeme unaokatika na kurudi ghafla, unyevu na hewa ya chumvi, flashi zinazozunguka baina ya skuli, afisi na stesheneri, na diski kongwe. Karibu vyote vinatibika bila kufuta hata faili moja.

Tuanze na saa, maana ndiyo inayowababaisha wengi. Umeme umekatika usiku. Asubuhi kompyuta ya mezani inawaka ikionesha tarehe ya miaka mingi nyuma, na kila tovuti, hata ya barua pepe, inatoa onyo kwamba si salama. Hakuna aliyekuvamia. Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta inayodhani kuwa tuko mwaka 2015 inakiona cheti cha leo kama hakijaanza kutumika, na inakikataa.

Chanzo chake ni betri bapa ya duara iliyoandikwa CR2032, iliyomo kwenye ubao mkuu. Ikiwa mpya hutoa volti 3. Maadamu umeme wa ukutani upo, saa inalishwa na umeme huo hata mashine ikiwa imezimwa. Umeme ukikatika inabaki betri peke yake, na ikiwa imechoka saa inarudi ilikoanzia. Ndiyo maana watu huulaumu umeme.

Kuibadilisha ni kazi ndogo. Chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili chaji iliyobaki ndani iishe. Fungua ubavu wa kasha na uguse chuma chake kwanza, ili umeme tuli wa mwilini usipite kwenye vifaa. Kwa ncha ya bisibisi ndogo, sukuma kilimi cha chuma kilichoishika betri, itainuka yenyewe. Kwa nyumba na afisi zilizo karibu na bahari, angalia kama kishikio kimeota kutu ya kijani, ukifute kwa pamba yenye spiriti kidogo na ukiache kikauke kabisa. Betri mpya inakaa alama ya + ikitazama juu. Ukiwasha, gonga F2 au Delete mfululizo mpaka uingie kwenye mipangilio ya awali, weka tarehe na saa, uhifadhi. Kuhifadhi huko mashine nyingi hutumia F10. Kwenye laptopu betri hii mara nyingi ina waya wake na imefichwa chini ya kibodi, kwa hiyo muachie fundi.

Umeme wenyewe unahitaji UPS, kifaa chenye betri kinachoendelea kuilisha kompyuta umeme wa ukutani ukikatika. Stebilaiza inarekebisha volti lakini haihifadhi umeme, kwa hiyo ukikatika kompyuta inazimika papo hapo, na faili lililokuwa linaandikwa wakati huo linaweza kuharibika. UPS ndogo ya VA 650 inakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Usiichomeke printa ya leza humo: inapopasha moto sehemu yake ya kuchomea wino huvuta wati nyingi kuliko uwezo wa UPS hiyo. Betri ya ndani hudumu kiasi cha miaka 3 hadi 5, na chumba chenye joto huifupisha. Ijaribu kila mwezi kwa kuhifadhi kazi zako kisha kuchomoa UPS ukutani. Ikizimika mara moja, betri imekufa, na kilichobaki ni boksi zito la kuchomekea nyaya tu.

Sasa flashi. Umeichomeka, na badala ya mitihani ya kidato cha pili unaona alama zenye mshale mdogo pembeni, kila moja ikiwa na uzito wa KB 1 au 2. Kabla ya kulia, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya kwenye flashi na utazame nafasi iliyotumika. Ikiwa bado inasoma, kwa mfano, GB 3, faili zako zimo, zimefichwa tu. Kirusi kimezibandika sifa za faili za mfumo na kuweka njia za mkato mahali pake, ili ukibofya ukiamshe na kiingie kwenye kompyuta. Kwa hiyo usibofye hata moja. Kwanza ikague flashi kwa kinga iliyomo ndani ya Windows, ikiwa imesasishwa. Kisha bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bonyeza Enter, na uandike amri hii, ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Faili zitarudi kuonekana, pengine zikiwa ndani ya folda isiyo na jina. Nakili nyaraka na picha tu. Faili zinazoishia na .exe, .vbs au .lnk ziache zilivyo. Ukishahakikisha nakala zako zinafunguka, hapo ndipo uifomati flashi. Kompyuta iliyoiambukiza nayo ikaguliwe yote, la sivyo flashi ya mtu wa pili itapata yale yale. Na ukienda stesheneri, Darajani au Chake Chake, beba flashi yenye PDF moja unayotaka kuchapisha, si ile yenye kazi zako za miaka yote.

Kuhusu uzito, yaani kompyuta kwenda polepole, pima kwanza. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, lifunguke dirisha la Task Manager. Kama safu ya diski imeganda kwenye asilimia 100 huku prosesa imetulia, diski ya kuzunguka ndiyo inayokwamisha, na kupiga Windows upya hakutaibadilisha. SSD, diski isiyozunguka, ya GB 240 itafanya mashine ile ile ionekane nyengine, na fundi anaweza kuhamisha kila kitu kilivyo. Kama kinachojaa ni RAM, kumbukumbu ya muda ya programu zilizofunguliwa, ongeza kutoka GB 4 hadi 8. Kama ni laptopu inayotumika juu ya godoro, ondoa godoro: matundu ya hewa yameziba.

Printa inayokwamisha karatasi wakati wa masika mara nyingi haina kosa. Karatasi iliyoachwa wazi hunywa unyevu, hujikunja na kushikana. Toa zinazotosha kazi ya siku, nyengine zibaki kwenye kifungashio chake ndani ya boksi lenye mfuniko.

Anayetumia bando la simu aiambie Windows kuwa mtandao huo unapimwa: fungua mipangilio ya Wi-Fi, ingia kwenye sifa za mtandao wako, uwashe Metered connection. Masasisho makubwa yatasubiri. Lakini yasisubiri milele. Angalau mara moja kwa mwezi tafuta mtandao wa kudumu uyashushe.

Zipo sababu za haki za kupiga Windows: diski mpya isiyo na kitu, kirusi kilichoshindikana, au kuhama Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuipa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ukifika huko, nakili mwenyewe Desktop, Documents, Downloads na Pictures kwenye diski ya nje, fungua faili chache kutoka kwenye nakala hiyo kwa kompyuta nyengine, na uandike namba za usajili za programu ulizolipia. Ndipo umkabidhi fundi mashine, huku diski ya nje ikibaki kwako.