Mafuta Mengi Hayaitunzi Bunduki ya Babu

Hakuna sentensi inayonichosha karakanani kama hii: "Fundi, hii bunduki haina shida yoyote, kila Desemba naimwagia mafuta." Mwenye kuisema huisema kwa fahari, kama mzazi aliyelipa karo ya muhula kabla shule hazijafunguliwa. Kisha kasha la ngozi linafunguliwa, harufu ya oili ya gari inatangulia, nami nachukua tochi nikijua vizuri nitakachokiona ndani ya mtutu.

Bunduki za kuwindia za bolti, kile chuma cha nyuma unachokivuta kwa mkono kufungua na kufunga chemba inamokaa risasi, zilizoko Nairobi zimepitia maisha yanayofanana. Kuna Mauser za mfumo wa 1898, Rigby na Holland & Holland za London, BRNO za Chekoslovakia, Winchester Model 70, na zile .303 za jeshi (namba kama hii hutaja upana wa tundu la mtutu kwa inchi, takriban) zilizopunguzwa mbao zikageuzwa za kuwindia. Zamani zilipigwa mchana zikasafishwa jioni, kambini. Mwaka 1977 serikali ikapiga marufuku uwindaji, na tangu hapo nyingi zimehamia kwenye masanduku ya chuma huko Karen na Lavington, zikitoka mara moja moja kwenda uwanja wa shabaha. Karibu miaka 50 sasa kazi yao kubwa ni kukaa, na kukaa ndiko kunakoziua. Katika mitutu ninayoikataa, iliyochakazwa na risasi ni michache mno. Iliyobaki imeliwa na kutu chini ya mafuta, au imesuguliwa vibaya na fimbo ya kusafishia.

Mafuta hayaoshi chumvi. Fataki za risasi za zamani, yaani vile vidude vya kitakoni vinavyogongwa kuiwasha baruti, hasa za kijeshi, zilitengenezwa kwa potasiamu klorati. Ikilipuka huacha kloridi ya potasiamu ndani ya mtutu, nayo ni chumvi inayovuta unyevu kutoka hewani. Ukiimwagia mafuta haiyeyuki. Unaifunika tu, ikaendelea kula chuma chini kwa chini huku juu kunang'aa. Kinachoiyeyusha ni maji. Askari wa Uingereza waliobeba .303 walilijua hilo: baada ya kufyatua walimimina maji ya moto ndani ya mtutu, wakapangusa, ndipo wakapaka mafuta. Hapa Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko wetu, na hizo zinatosha kabisa, maana chuma kikishapata moto hujikausha chenyewe. Risasi za kisasa za kiwandani hazina tatizo hili. Lakini ukipiga za boksi kuukuu la kijeshi, chukulia kwamba zina chumvi, na jioni hiyo hiyo uchemshe birika.

"Fundi, maji kwenye chuma?" Ndiyo, mzee wangu. Maji ya moto, halafu vitambaa vikavu kimoja baada ya kingine mpaka kitoke bila unyevu, halafu mafuta. Kidogo.

Halafu, mafuta gani? Nimekuta oili ya injini, grisi ya magurudumu, mafuta ya kupikia, na kutoka kwa jamaa wa pwani, mafuta ya nazi. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Mombasa huenda asione shida. Julai ya Nairobi, mambo yake yote ndani ya bolti yamesimama. Ya kupikia nayo, yakikaa hewani, hukauka yakanata. Ndani ya bolti mna pini ya kufyatulia na springi yake, na springi iliyokwama kwenye utando wa mafuta huipiga fataki kwa ulegevu. Ukivuta triga ukasikia "tak" peke yake, usiifungue bolti. Mtutu ubaki umeelekea kwenye shabaha, hesabu nusu dakika nzima, kwa sababu risasi inaweza kuchelewa kisha ikalipuka. Nimeona watu wazima wakiigeuza bunduki na kuichungulia mdomoni. Sitaki hata kuendelea na habari hiyo.

Mafuta pia hushuka. Bunduki iliyosimamishwa kwa kitako miaka kumi inayachuruzisha taratibu hadi kwenye mbao, pale nyuma ambapo chuma kinakomea. Mbao ya mjozi ikishiba mafuta ya madini huwa nyeusi na laini, na siku utakapopiga risasi kubwa ya .375, teke lake litaipasua papo hapo. Ukitaka kuisimamisha, isimamishe mdomo chini juu ya kitambaa. Au ilaze. Na kasha la ngozi, hata liwe zuri namna gani, ni la safari. Ngozi hushika unyevu na kuukabidhi kwa chuma usiku na mchana.

Kabla ya kupiga, mafuta yote yatoke. Yakibaki chembani, ganda la risasi haliwezi kushika ukuta wa chemba, na nguvu inayorudi nyuma inaiangukia bolti zaidi ya ilivyokusudiwa. Grisi iliyoziba mtutu inaweza kuuvimbisha. Hata utando mwembamba tu huipeleka risasi ya kwanza pembeni, kisha mwenyewe anaanza kuzungusha skrubu za darubini ambayo haina kosa lolote, na Jumamosi yote inaishia hapo.

Kuhusu fimbo: uzuri wa bunduki ya aina hii ni kwamba bolti hutoka yote, ukapata njia iliyonyooka kutoka nyuma. Basi itumie. Anayeingiza fimbo kutoka mdomoni anasugua ukingo wa mwisho ambao risasi huugusa ikitoka, na ukingo ule ukilika upande mmoja, hakuna darubini ya bei yoyote itakayokusaidia.

Kipimo changu ni hiki. Matone mawili ya mafuta mepesi ya madini, hata yale ya cherehani, kwenye kitambaa kinachopitishwa mtutuni mara moja. Kitambaa kingine kifute chuma cha nje, maana jasho la mikono nalo lina chumvi. Vipakiti vya silika viwe ndani ya sanduku, vikaushwe au vibadilishwe kila msimu wa mvua unapoanza. Ukiishika bunduki vidole vikabaki vinateleza, umezidisha. Desemba hadi Desemba ni mbali mno. Itazame kila mwezi, ni kazi ya dakika tano. Na kila unapoitoa, jambo la kwanza ni bolti wazi, chemba itazamwe kwa macho na iguswe kwa kidole. Sijali aliyekukabidhi alikuapia nini.

Mengine nayapitia haraka, ingawa moja linaweza kumtoa mtu roho.

"Risasi ikiingia na bolti ikafungika, basi ni yake." Hapana kabisa. Chukua zile Mauser za kuwindia za Kijerumani. Risasi ya 8x57 ina matoleo mawili: la zamani lina kichwa chenye kipenyo cha inchi 0.318, la baadaye inchi 0.323. Maganda yanafanana. Ile nene inaweza kuingia kwenye chemba ya bunduki ya mtutu mwembamba, bolti ikafunga vizuri, na ukivuta triga shinikizo likapanda kupita kiasi. Upande wa pili, .275 Rigby na 7x57 ni kitu kile kile chenye majina mawili, na watu wanaihofia bure. Kwa hiyo soma alama zilizogongwa kwenye mtutu, kisha fundi aliyesajiliwa aupime. Angalia pia kama namba ya bolti inalingana na ya mwili wa bunduki. Bolti zilibadilishwa ovyo zamani, na bolti ya kuazima lazima ipimwe kabla ya risasi hata moja kupigwa. Fundi wa jua kali anayechomelea mageti si wa kazi hii, na sheria haimruhusu.

"Risasi ikitoka hupanda kwanza." Huanza kushuka chini ya mstari wa mtutu mara tu inapouacha. Darubini iko juu ya mtutu kwa sentimita nne hivi, na mtutu umeinuliwa kidogo sana ili njia ya risasi na mstari wa jicho vikutane. Ndiyo maana bunduki ya risasi ya .30-06 iliyorekebishwa kwa mita 200 hupiga sentimita tano hivi juu ya alama kwenye mita 100. Wengine huniambia pia kwamba hewa nyepesi ya Nairobi imewaharibia shabaha. Kwa mita 100 tofauti ya hapa na Mombasa hutaiona kwenye karatasi. Utakachokiona ni kidole chako kilivyoikurupusha triga.

"Kubwa ndiyo bunduki." Karamojo Bell, mwindaji wa enzi za ukoloni, aliwaua tembo wengi sana kwa hiyo hiyo 7x57 ambayo wateja wangu huiita ya akina mama, kwa sababu alijua risasi inatakiwa ipite wapi. Simsifii kwa tembo wale. Ninachosema ni kwamba .416 Rigby ya mwaka 1911 ni chombo kizuri mno mikononi mwa mtu asiyefumba macho kabla ya mlio, na wanaofumba macho ni wengi kuliko wanaokiri. Anza na kitu usichokiogopa.

"Sefti imewekwa, kwa hiyo ni salama." Sefti, yaani kizuizi cha kufyatua, ya miaka 80 ni kipande cha chuma kilicholika. Mtutu uelekee mahali ambapo ikilia haitamdhuru mtu, na kidole kikae nje ya triga.

La mwisho ni la makaratasi. Watu wanadhani bunduki hurithiwa pamoja na shamba, kwamba wosia ukishasomwa mwana wa kwanza anaibeba kwenda nayo kwake Ruaka. Cheti ni cha mtu mmoja, na kinaishia kwake. Mzee akifariki, familia itoe taarifa polisi na silaha ikabidhiwe ihifadhiwe kihalali, kisha anayeitaka aombe cheti chake mwenyewe kwa Bodi ya Leseni za Silaha, achunguzwe kama mwombaji mwingine yeyote. Kuiweka darini kwenye nyumba ya mashambani "mpaka matanga yaishe" ni kumiliki silaha bila cheti, na hilo ni kosa la jinai hata kama kila mwanakijiji anajua ilikuwa ya baba yako. Wala usinipigie simu usiku ukinitaka nije kuitazama kwanza kimya kimya. Siji.