Kinect ya mtumba, mkono na skrini

Kinect iliingia sokoni Novemba 2010 kama kifaa chenye kamera cha kuchezea kwa mwili michezo ya Xbox 360, mashine ya Microsoft ya michezo ya video. Haikutimia hata wiki, Héctor Martín wa Hispania akawa ameandika programu huria ya kuiendesha kwenye kompyuta ya kawaida, akajinyakulia zawadi ya dola 3,000 iliyotangazwa na kampuni ya Adafruit. Kazi yangu ni kuunda mifumo inayoendeshwa kwa ishara za mikono, na hadi leo anayetaka kujifunza misingi namwambia aanze na Kinect ile ile ya kwanza.

Uzuri wake ni kupima umbali. Leza ya infraredi inamwaga vinukta chumbani, jicho la mtu halivioni. Kamera ya pembeni inaangalia kila kinukta kimesogea kiasi gani kutoka mahali kilipotarajiwa, na kutokana na hapo umbali unakokotolewa, mara 30 kwa sekunde. Programu haihangaiki kutafuta rangi ya ngozi, na gizani inafanya kazi vilevile. Jua la dirishani ndilo linaloivuruga, funga pazia.

Kuuona mkono, basi, si tatizo: kilichotangulia mbele ya kifua kwa sentimita 30 hivi, huo ndio mkono. Kigumu ni kujua kama mtu anaiamuru skrini au anajikuna kichwa. Kwa hiyo weka ishara ya kuanzia, mfano kupunga mkono, na kabla ya hiyo mfumo usisikilize chochote. Kubofya nako kuna mtego. Ukimwambia mtu asukume mkono mbele, kishale kinahama palepale anapokaribia kitufe. Mimi napendelea autulize mkono juu ya kitufe kwa sekunde moja hivi. Ni polepole, lakini hakosei.

Mwaka 2011 madaktari wa hospitali ya Sunnybrook, Toronto, Kanada, waliitumia Kinect kuzipitia picha za mgonjwa katikati ya upasuaji. Mikono iliyokwisha kutakaswa haigusi kipanya, na kutoka kwenda kuangalia picha kunamlazimu daktari anawe upya. Kwangu hapo ndipo ishara zina haki ya kuwepo. Mezani ofisini kipanya kinatosha, tena bega halichoki.

Ukinunua ya mtumba, dai na adapta yake. Plagi yake si USB ya kawaida, na inahitaji umeme wa volti 12. Kisha sakinisha libfreenect, programu huria iliyotokana na ile ya Martín, usimame mita moja na nusu kutoka kwenye kamera.