Chenin Blanc tatu kwenye meza moja Mikocheni

Watu wakiniuliza kama mvinyo wa Dodoma unaweza kukaa meza moja na wa Afrika Kusini au Ufaransa, nami huwauliza: wa zabibu gani? Maana kwenye sebule nyingi za Dar linganisho lenyewe huwa hivi: chupa nyekundu ya Dodoma yenye sukari, chupa nyeupe ya Cape, Afrika Kusini, isiyo na sukari, na Bordeaux moja ya Ufaransa ambayo mtu aliletewa zawadi. Hapo mmebadilisha rangi, sukari, zabibu, nchi na bei kwa mkupuo mmoja. Mkisema hii tamu, ile mbaya, hakuna anayejua kilichomfurahisha ni kipi.

Kazi yangu ni kufundisha wahudumu wa hoteli na mikahawa kuhudumia mvinyo. Marafiki wakija nyumbani Mikocheni tunachanga, tunanunua zabibu moja tu kutoka sehemu tatu. Ninayoipenda kuanza nayo ni Chenin Blanc: asili yake bonde la mto Loire huko Ufaransa, Afrika Kusini inailima kuliko nchi nyingine yoyote, na Dodoma ipo. Kwa hiyo mezani kunakuwa na Vouvray ya Loire, Stellenbosch ya Afrika Kusini na Dodoma, zote zile zisizo na sukari. Vouvray inatakiwa kuwa na neno "sec" kwenye lebo, la sivyo unaweza kubeba ile yenye sukari bila kujua.

Loire iko karibu na nyuzi 47 kaskazini mwa ikweta. Mzabibu hulala majira ya baridi, huchipua, kisha tunda huiva polepole hadi Septemba au Oktoba. Ubaridi huo huhifadhi asidi ndani ya zabibu, ndiyo maana Vouvray inakutoa mate pembeni mwa ulimi hata kabla hujameza. Stellenbosch, nyuzi 34 kusini, ina jua zaidi, ila upepo wa baharini hupoza mashamba, na mvinyo wake hujaa mdomoni kuliko wa Loire. Cape walikamua mvinyo wao wa kwanza Februari 1659. Zabibu hii wenyewe waliiita Steen, na ni miaka ya 1960 tu ndipo ilipothibitishwa kwamba ni Chenin Blanc ileile ya Wafaransa.

Dodoma ni habari nyingine kabisa. Nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, kwa hiyo anayeamua ni mkulima na mkasi wake. Akipogoa, mti unaanza upya. Hivyo huvunwa mara mbili kwa mwaka, kuelekea Machi na tena kuelekea Agosti au Septemba. Joto hula asidi na kupandisha sukari ya tunda. Kinachosaidia ni mwinuko wa mita zipatazo 1,100, maana usiku hewa inapoa. Mimi ni mtu wa mavuno ya kiangazi. Zabibu za msimu wa mvua hunywa maji mengi, na ukungu huziandama. Ningefurahi sana kama kila lebo ingetaja mavuno yapi.

Sasa kabla hujatoa hukumu juu ya nchi, chunguza duka. Chupa ya Ufaransa imevuka ikweta ndani ya kontena, halafu pengine imekaa miezi kwenye rafu linalopigwa na jua la mchana. Mvinyo uliopata joto hivyo hunuka matunda yaliyochemshwa, na mara nyingine kizibo huwa kimesukumwa juu kidogo au shingo ya chupa inanata. Unaweza kudhani unalinganisha Loire na Dodoma kumbe unalinganisha maduka mawili. Nunua penye kiyoyozi, na chagua chupa ya nyuma, iliyo mbali na dirisha.

Chupa zetu huingia kwenye mifuko ya khaki, zinaandikwa A, B, C, na anayemimina hasemi neno. Glasi ziwe za umbo moja. Mililita 50 kwa mtu zinatosha, kwa hiyo chupa moja inahudumia hata watu wanane na mvinyo unaobaki ni wa chakula. Harufu ndiyo vita yenyewe. Dawa ya mbu ya kuchoma izimwe mapema, udi usubiri, na feni isielekezwe mezani kwa sababu inapeperusha kile unachotaka kunusa. Rafiki mmoja alikuja amejipulizia manukato hadi tukamhamishia mwisho wa meza, naye akacheka tu.

Kuhusu ubaridi, friji huubana mvinyo mweupe ukawa bubu. Nyuzi 10 hadi 12 zinafaa. Kwa joto la Dar glasi hufika huko yenyewe ndani ya dakika chache, basi mimina kidogo, onja, subiri, onja tena.

Ubishi mkubwa huwa ni kuhusu utamu. Kila mara kuna atakayesema, "Hii ya B wameitia sukari." Mara nyingi hakuna sukari. Pua imenusa embe au nanasi lililoiva, na kichwa kikatangulia kusema tamu. Mwambie azibe pua, anywe funda moja. Sukari huhisiwa na ulimi, kwa hiyo kama ipo itabaki pale pale pua ikiwa imezibwa. Kama haipo, utamu unatoweka na unabaki uchachu mtupu. Waliozoea Dompo, ule mvinyo mtamu wa Dodoma, hushtuka zaidi, na hao ndio wanaojifunza haraka, kwa kuwa ulimi wao unaijua sukari halisi ilivyo.

Karibu kila mtu huitambua Vouvray kwa uchachu wake. B na C ndizo zinazogombanisha watu, Dodoma na Stellenbosch, na mimi mwenyewe siwezi kuapa. Pweza na pilipili huletwa baada ya mifuko kuvuliwa, kwani pilipili ikitangulia hakuna cha kuonja tena.

Kwa nyekundu, usianze na Makutupora. Naipenda, lakini ni zabibu ya Dodoma na huna ya nje ya kuiweka pembeni. Chukua Syrah: Dodoma wanayo, bonde la Rhône huko Ufaransa ndiko kwao, na Australia wanaiita Shiraz. Na chupa zote tatu zikae friji kwanza, kwa sababu nyekundu inapendeza kwenye nyuzi 16 hadi 18, na sebule yako ina 30.