Je, wajua kwa nini Mwingereza husema "sang" kwa mimi, wewe na yeye?

Mwanamke wa Shela, hapa Malindi, akisema "niliimba", hana haja ya kutaja "mimi". Kitenzi kimeshamtaja. Ni- ndiye yeye msemaji, -li- ndio wakati uliopita, na imba ndicho kitendo chenyewe. Geuza kile kiambishi cha mwanzo, useme "uliimba", "aliimba" au "tuliimba", na msikilizaji atajua ni nani alikuwa kwenye vugo, ile ngoma ya wanawake ya harusi, jana usiku.

Vijana wanaotembeza wageni mjini wameikuta tabia hii katika lugha nyingine pia. Waitaliano wamekuwa nasi tangu miaka ya 1960, walipojenga kituo cha kurushia setilaiti kule Ngomeni, na lugha yao inasikika sokoni na ufukweni. Mwitaliano husema "ho cantato" akiwa na maana ya niliimba, "hai cantato" uliimba, "ha cantato" aliimba. Kile kineno cha mwanzo kinamtaja mtendaji, kwa hiyo kiwakilishi chao cha "mimi", yaani "io", mara nyingi hakitamkwi ila kwa kusisitiza, kama sisi tunavyosema "mimi niliimba, si yeye".

Kiingereza kina mwendo wake. "I sang, you sang, she sang, we sang, they sang." Kitenzi hakitikisiki. Kinachobadilika ni kiwakilishi peke yake, nacho hakiachwi: ukisema "sang" tu, umeeleza kwamba mtu aliimba zamani, lakini hukusema nani.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kiingereza cha miaka elfu moja iliyopita kilisema "ic sang" kwa mimi, "thu sunge" kwa wewe, na "we sungon" kwa sisi. Miisho ilikuwapo, ikafutika. Sababu kubwa ni mkazo. Sisi nafsi tunaiweka mwanzoni mwa kitenzi; wao waliiweka mwishoni, na mkazo wa maneno yao ulikuwa ukiangukia mwanzoni, kwenye shina. Silabi za mwisho zikawa zinatamkwa kwa sauti hafifu, kizazi baada ya kizazi, hadi "sunge" na "sungon" zikapoteza mikia yao. Kufikia miaka ya 1500 wingi katika wakati uliopita haukuwa na alama yake tena. Uliosalia kwa muda mrefu zaidi ni mwisho wa nafsi ya pili umoja: Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 bado ina "thou wentest", yaani ulikwenda. Kisha "thou" yenyewe ikatoka katika usemi wa kawaida, na mwisho wake ukatoka nayo.

Viwakilishi navyo vilikuwa na matatizo yao. Katika Kiingereza hicho cha kale, "yeye" wa kiume alikuwa "he", wa kike "heo", na "wao" ilikuwa "hie". Matamshi yao yakazidi kukaribiana. Hapo Waingereza wakafanya jambo ambalo lugha hufanya kwa nadra: wakaazima kiwakilishi. "They" ilitoka kwa watu wa Skandinavia waliohamia kaskazini na mashariki mwa Uingereza kuanzia karne ya 9. Majina ya vyakula na vyombo huazimwa kila siku, lakini kuazima neno la "wao" ni jambo kubwa, na mimi huliona kuwa ushahidi wa jinsi lugha ile ilivyohitaji kiwakilishi kinachosikika wazi.

Sasa tuje darasani Malindi, kwa sababu hapa ndipo mambo haya yanapowagusa watoto wetu. Mtoto anaandika "My father he went to Watamu", na daftari linarudi na alama nyekundu. Hajakosea kwa uvivu. Anafuata sarufi aliyozaliwa nayo, kwa uaminifu kabisa. Kwa Kiswahili hatusemi "Baba likwenda Watamu". Hata tukimtaja baba kwa jina, ile a- lazima ibaki: "Baba alikwenda". Mtoto anaitafuta a- hiyo katika Kiingereza, anaona "he" iko karibu, anaichukua. Asichoelezwa ni kwamba "he" hukaa mahali pa jina, haikai pamoja nalo. Ama "My father went", ama "He went". Kosa la pili linatoka papo hapo: "My mother he came." Kwetu a- ni ya mama na ya baba, haiulizi jinsia, na mtoto hajawahi kulazimika kuiwazia kabla hajafungua kinywa. Mwalimu akiweka "Baba alikwenda" na "My father went" ubaoni, moja juu ya nyingine, na kuionyesha ile a- kwa chaki ya rangi, atakuwa ameeleza zaidi ya alama nyekundu kumi.

Wapo pia wanaoandika "she sangs", kwa kuwa wamefundishwa "she sings". Ile s ni ya wakati uliopo tu. Katika wakati uliopita, nafsi ya tatu umoja haikuwa na mwisho wake hata zamani: "ic sang" na "he sang" vilikuwa sawa.

Kuhusu irabu kugeuka, sing kuwa sang, watu wa pwani hatuna haki ya kushangaa sana. Mtu wa Lamu husema "mtoto yulele", maana yake amelala, na "yusimeme", amesimama. Lala imekuwa lele, simama imekuwa simeme: kitendo kilichokwisha kinasikika ndani ya shina lenyewe, na tenzi za kale zimejaa miundo hiyo. Tofauti ni kwamba Kiamu kimeishika pia nafsi, ile yu- ya mbele.

Kukanusha ndiko kunakowachanganya wengi, na kumbe Kiswahili kinaweza kusaidia. "Niliimba" ikikanushwa haiwi "siliimba"; -li- inaondoka, -ku- inashika nafasi yake: "sikuimba". Kiingereza nacho kinauhamisha wakati. "I sang" inakuwa "I did not sing", na katika swali, "Did she sing?" Wakati uliopita umeshabebwa na "did", kwa hiyo sing inarudi katika umbo lake la asili. "Did not sang" inaubeba wakati mara mbili.

Kinabaki kitenzi kimoja kilichokataa kunyooka: "I was, she was", lakini "we were, they were". Mwaka 1875 mtaalamu wa Denmark, Karl Verner, alieleza chanzo chake. Katika lugha ya kale iliyokizaa Kiingereza, mkazo ulihama baina ya umoja na wingi. Ulipoangukia silabi inayofuata sauti s, s ile ililegea kuwa z, na baadaye z ikawa r. Umoja ukabaki na s, wingi ukapata r. Na "you were" hutumika hata kwa mtu mmoja kwa sababu "you" ilikuwa "nyinyi". Watu walianza kumwita mkubwa mmoja "you" kwa heshima, desturi ikaenea kwa wote, "thou" ikaachwa, na "you" ikaja na kitenzi chake cha wingi.