Kocha hawezi kusema hakuona: pufya, steroidi na wajibu wa walimu wa riadha

Tangu Kitengo cha Uadilifu wa Riadha (AIU) kimfungie Ruth Chepng'etich, mwenye rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake, miaka mitatu, Oktoba 2025, malalamiko ya makocha yamezidi. Tunayasikia Iten, Kapsabet na Eldoret, ndani ya semina na nje yake: vipimo vimekuwa vingi, maafisa wanabisha hodi alfajiri, vijana wetu wanaandamwa. Kisha hufuata kauli ambayo karibu kila mkongwe wa mchezo huu anayo: zamani watu walikimbia kwa ugali, mursik na milima, na hakuna aliyejua pufya, yaani dawa za kuongeza nguvu michezoni, ni kitu gani.

Tunawaheshimu wazee hawa. Wengi wao wamelea mabingwa kwa muda mrefu bila mshahara wala shukrani, na hatuna sababu ya kutilia shaka nia yao. Lakini kauli hiyo ina madhara. Kocha akishaamini kwamba uovu huu ni wa kizazi kipya tu, na kwamba yeye mwenyewe ni wa kizazi safi, huacha kuuliza maswali. Na kocha asiyeuliza ndiye anayewapa wauzaji wa sindano nafasi ya kuingia kambini.

Kwanza hili la vipimo kuwa vingi. Mwishoni mwa 2022 Kenya iliponea chupuchupu kufungiwa kushiriki riadha ya dunia. Iliponea kwa sababu serikali iliahidi dola milioni 25 kwa miaka mitano ili vipimo, uchunguzi na elimu viongezwe. Kwa hiyo hodi ya alfajiri ni sehemu ya ahadi iliyoiwezesha bendera yetu kubaki uwanjani. Anayetaka vipimo vipungue anaomba, pengine bila kujua, turudi kwenye hatari ile ile.

Sasa tuangalie mchezo ambao ulishaipitia njia hii ya "wazee wanasema" mpaka mwisho wake, nao ni besiboli ya Marekani. Wengi wetu hatuufuatilii, lakini mambo yake yanamfaa kila kocha. Huko mkuu wa benchi huitwa meneja: ndiye apangaye kikosi, ndiye akaaye na wachezaji karibu kila siku kwa msimu wa mechi 162.

Mwaka 1998 Mark McGwire wa St. Louis Cardinals na Sammy Sosa wa Chicago Cubs walikuwa wakiiwinda rekodi ya Roger Maris, aliyeupiga mpira nje ya uwanja mara 61 katika msimu wa 1961. McGwire alimaliza na 70, Sosa 66. Agosti mwaka huo mwandishi wa shirika la habari la AP aliona chupa ya androstenidioni ndani ya kabati la McGwire, kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Dawa hiyo hubadilika mwilini kuwa testosteroni, homoni ya kiume inayojenga misuli. Michezo ya Olimpiki ilikuwa imeshaipiga marufuku, ilhali ligi ya besiboli ilikuwa bado, na madukani Marekani ilikuwa ikiuzwa bila cheti cha daktari. Meneja wake, Tony La Russa, mmoja wa wakongwe wanaoheshimika zaidi katika mchezo huo, alikasirika. Hasira yake ilimwendea mwandishi. Alitaka AP wazuiwe kuingia chumbani humo, na kwa miaka kadhaa aliwaambia watu kwamba misuli ya McGwire ilitokana na mazoezi. Januari 2010 McGwire alikiri kwamba alitumia steroidi, dawa za kujenga misuli, kwa miaka mingi, ukiwemo mwaka ule wa 1998. La Russa, ambaye wakati huo alikuwa ameshamwajiri kuwa kocha wa upigaji, alisema hakuwa amejua.

Sina haki ya kumwita mwongo, wala simwiti. Tuchukulie kwamba kweli hakujua. Hapo ndipo somo la kocha lilipo: mtu mwenye uzoefu ule, anayemwona mchezaji wake kila siku, alikuwa na chupa hatua chache kutoka mezani kwake, na swali alilojiuliza lilikuwa mwandishi ameingiaje, badala ya kijana anakunywa nini.

Ligi yenyewe haikuwa bora zaidi. Kamishna wa ligi, yaani mkuu wake, Fay Vincent, alitoa waraka mwaka 1991 akizikataza steroidi, lakini hakukuwa na kipimo hata kimoja cha kuusimamia. Marufuku isiyo na kipimo ni karatasi. Vipimo vya kwanza vilifanywa 2003 bila kutaja majina, na vilipoonyesha kwamba zaidi ya asilimia 5 vina dawa, ndipo utaratibu wa adhabu ukaanza 2004. Kuanzia 2006 kosa la kwanza likawa mechi 50, la pili 100, la tatu kufungiwa maisha. Mwaka 2014 zikapandishwa hadi 80 na 162. Ripoti ya Desemba 2007 ya Seneta wa zamani George Mitchell, aliyeombwa na ligi kuchunguza matumizi hayo, iliwataja wachezaji 89, lakini ilisema wazi kwamba lawama ni ya wote: makamishna, viongozi wa timu, chama cha wachezaji na wachezaji wenyewe.

Hata hivyo, tazama ni nani aliyelipa. Mwaka 2014 mameneja watatu wa enzi hiyo, La Russa, Joe Torre na Bobby Cox, waliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa Besiboli huko Cooperstown. Barry Bonds, mwenye rekodi ya mipigo 762 ya nje ya uwanja, na Roger Clemens, majina mawili makubwa yaliyohusishwa na sakata hilo, walifikia mwisho wa kupigiwa kura na waandishi mwaka 2022 bila kupata asilimia 75 inayotakiwa. Kijana ndiye aliyefungiwa mlango. Katika riadha kanuni zimeandikwa ili jambo hilo lisitokee, na nitazieleza hapa chini.

Na hiyo zamani safi? Mwaka 1889 mrushaji wa Pittsburgh, Pud Galvin, alitumia dawa iliyotengenezwa kwa korodani za wanyama, na magazeti yakaisifu. Baadaye, kwa miongo kadhaa, vidonge vya amfetamini, dawa ya kuchangamsha mwili, vilikuwa jambo la kawaida vyumbani mwa wachezaji. Ligi haikuanza kuvipima mpaka 2006. Kwetu pia, uchunguzi wa Shirika la Dunia la Kupambana na Pufya (WADA) ulihesabu wanariadha 138 wa Kenya waliopatikana na dawa kati ya 2004 na Agosti 2018. Uchunguzi huo ulisema matumizi ya hapa kwetu hayana mtandao wa kitaalamu: ni ya kubahatisha, ya mtu mmoja mmoja na aliye karibu naye. Aliye karibu naye ni daktari wa mtaani, mwenye duka la dawa, rafiki wa kambini. Wakati mwingine ni kocha.

Kuhusu steroidi, ni lazima tuseme wazi, maana tumelieleza hili mara nyingi na bado linarudi. Kocha husikia "steroidi" akawaza watu wa kunyanyua vyuma, kisha akasema mkimbiaji wa marathoni hana haja nazo. Si kweli. Nandroloni na testosteroni humsaidia mkimbiaji kupona haraka kati ya mazoezi mazito, na nandroloni ni miongoni mwa dawa zilizopatikana zaidi kwa Wakenya katika uchunguzi huo wa WADA. Kundi la pili ni la kotikosteroidi kama prednisoloni na triamsinoloni. Hizi ni tiba halali za pumu, mzio na viungo vilivyovimba, na hapa ndipo watu wetu wengi wameanguka. Tangu Januari 1, 2022, sindano zote za kundi hili zimekatazwa wakati wa mashindano, iwe ni ya goti, ya kisigino au ya makalio. Wakati wa mashindano huanza saa tano na dakika 59 usiku wa kuamkia siku ya mbio. Triamsinoloni ikidungwa kwenye msuli huweza kubaki mwilini hadi siku 60. Kijana anayedungwa "sindano ya maumivu" kwenye duka la dawa mwanzoni mwa Machi, akakimbia mwishoni mwa Aprili, anaweza kufungiwa kwa dawa aliyokwisha kuisahau.

Akihitaji tiba hiyo kweli, upo utaratibu wa ruhusa ya matumizi ya kitabibu. Fomu hujazwa na daktari aliyesajiliwa, huambatanishwa na vipimo vyote, na hupelekwa angalau siku 30 kabla ya mashindano, isipokuwa kwa dharura. Mficha uchi hazai: mwanariadha asiyemwambia daktari kwamba yeye hupimwa pufya hawezi kusaidiwa baadaye.

Kesi ya Chepng'etich ielezwe vizuri, maana imepotoshwa sana. Sampuli yake ya Machi 14, 2025 ilikutwa na haidrokloro-thiazidi, dawa ya presha inayoongeza mkojo. Haimpi mtu mbio. Imekatazwa kwa sababu inaweza kuficha dawa nyingine na kupunguza uzito. Kiwango ambacho chini yake maabara hailazimiki kuripoti ni nanogramu 20 kwa mililita. Chake kilikuwa 3,800. Alieleza kwamba aliugua akameza dawa ya mfanyakazi wake wa nyumbani bila kuikagua. AIU iliona huo ni uzembe mkubwa unaolingana na kukusudia, na adhabu ya miaka minne ikapungua kuwa mitatu kwa sababu alikiri ndani ya siku 20 zinazoruhusiwa. Rekodi yake ya Chicago ya 2024 ilibaki.

Wanaosema sampuli hubadilishwa, tafadhali wasome aya hii mpaka mwisho. Mwanariadha akishaarifiwa kwamba atapimwa, hatoki machoni pa afisa. Anaruhusiwa kupokea medali, kuzungumza na wanahabari na kulegeza misuli, lakini akiwa anaonekana. Huchagua mwenyewe kikombe kilichofungwa. Hutoa mkojo usiopungua mililita 90 mbele ya afisa wa jinsia yake. Huchagua mwenyewe sanduku la chupa mbili, na hulinganisha namba za sanduku, za chupa na za vifuniko. Zikitofautiana hata tarakimu moja, huchukua sanduku jingine. Humimina kwa mkono wake mwenyewe, mililita 30 katika chupa B na 60 katika chupa A, kisha huzifunga yeye. Kifuniko kikishakaza, hakifunguki bila kuvunjwa. Fomu ina nafasi ya kuandika dawa na virutubisho vyote vya siku saba zilizopita na nafasi ya kulalamika. Watu huiacha nafasi hiyo wazi, wakatia sahihi, halafu hulalamika redioni. Mwanariadha ana haki ya kuwa na mwakilishi, na kocha anaweza kuwa ndiye. Tumieni haki hiyo. Sampuli huweza kuhifadhiwa na kupimwa tena ndani ya miaka 10.

Adhabu: dawa isiyo ya kundi maalumu (la dawa ambazo mtu huweza kuzitumia kwa sababu nyingine zaidi ya kujiongezea nguvu), kama nandroloni au EPO, inayoongeza chembe nyekundu za damu, ni miaka minne. Kukataa au kukwepa kipimo, miaka minne. Kukosa kupatikana mara tatu ndani ya miezi 12, miaka miwili, na inaweza kupungua hadi mmoja. Uongo huongeza. Jemima Sumgong, bingwa wa Olimpiki wa 2016, alifungiwa miaka minne kwa EPO. Nyaraka za hospitali za kughushi zikaifikisha adhabu hadi minane. Wilson Kipsang alikosa vipimo, akatoa picha ya lori lililopinduka kama kisingizio. Ikabainika ajali ile ilitokea wakati mwingine kabisa. Akafungiwa miaka minne.

Kwa kocha kanuni ziko hivi. Kukutwa na dawa bila sababu ya kitabibu ni kosa lake mwenyewe, hata kama hajawahi kukimbia. Kumpa mwanariadha dawa, au kuifanyia biashara, ni kuanzia miaka minne hadi maisha. Akimpa mtoto dawa kama EPO au nandroloni, ni maisha. Kusaidia kuficha ni kuanzia miaka miwili. Mwanariadha anayeendelea kufundishwa na kocha aliyefungiwa, huku akijua kwamba amefungiwa, naye hufungiwa. Sheria ya Kenya ya 2016 ya kupambana na pufya inayafanya baadhi ya haya kuwa makosa ya jinai pia. Halafu kuna kifungu ambacho makocha wengi hushangaa wakikisikia: mtoto akipatikana na dawa, au mtu mmoja akiwa amewahudumia wanariadha wawili au zaidi waliopatikana, uchunguzi wa waliomzunguka mwanariadha huanza wenyewe, bila mtu kushtaki. Kutojua peke yake si kosa. Lakini utaulizwa ulichukua hatua gani ili ujue, na jibu la "mimi ni mtu wa zamani" halitakuwa na pa kuandikwa kwenye fomu.

Kabla ya msimu kuanza, kaa na kila mwanariadha wako mfungue simu pamoja. Kwenye programu ya Athlete Central, aliye kwenye orodha ya kupimwa huweka anapolala na dakika 60 za kila siku atakazopatikana. Akihama kambi kutoka Iten kwenda Kaptagat usiku, abadilishe usiku huo huo. Aweke saa ambayo kweli yuko nyumbani, na lango liwe na mtu wa kulifungua. Kisha mwambie akuletee mfuko wote wa dawa na virutubisho alivyonavyo, msome majina moja baada ya jingine. Msilolielewa, ulizeni ofisi ya kupambana na pufya kabla hajameza.